Jina la Kumi na Mbili

Orodha aliiandika mwenye mkahawa kwa mkono wake,
kwa penseli, nyuma ya menyu ya Februari:
majina kumi na moja, na pembeni ya kila jina
idadi ya watoto, kodi, deni la duka la dawa.
Wa kwanza Adérito, mhudumu wa miaka thelathini na mitatu,
aliyebeba sahani nne kwa mkono mmoja
na hasira za wateja kwa mkono wa pili.
Wa mwisho Zulmira wa supu.

Porto ilikuwa imejifunga kama chaza.
Ukichungulia kiooni uliona viti juu ya meza,
miguu hewani,
kama mende waliopuliziwa dawa.

Mimi ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara,
sijui hesabu ila ya visigino.
Lakini pale nilikula kwa mkopo nilipougua,
na deni la mlo halifutiki kwa kulipa.
Nikatwaa kopo la mafuta ya zeituni,
nikalitoboa kwa msumari wa soli,
nikavaa barakoa, nikapanda ngazi za mtaa.

Haba na haba, wanasema.
Hawakusema kibaba kina kina kirefu hivi.

Bibi Deolinda wa ghorofa ya nne
alinishushia kikapu kwa kamba:
yuro tano, na yai.
"Yai la nani?" nikapaza sauti.
"La yeyote mwenye njaa leo!"
Yule bwana asiyeacha bakshishi, sote twamjua,
alitumbukiza noti ya hamsini
akafunga mlango kabla sijashukuru.

Jumamosi nikagawa bahasha.
Adérito alinipokea na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi,
kana kwamba meza ya sita itaitisha kahawa wakati wowote.
Bahasha hakuigusa.
"Kuna mwenzetu hayumo humo."
"Nani?"
"Anayeosha vyombo."
"Jina lake?"
Akafungua mdomo.
Mtu anayekumbuka nani hali kitunguu,
nani amefiwa, nani hataki kukaa karibu na dirisha,
mdomo ukabaki wazi.
"Tulimwita Dada," akasema mwishowe.
"Alikuwa nyuma ya mvuke."

Miaka sita.
Sahani mbili kwa mlo, milo mitano kwa wiki:
nimekula kwenye sahani elfu tatu alizoziosha,
na sijui hata urefu wake.

Mwenye mkahawa aliinamia viatu vyake
(kisigino cha kushoto kimelika, nikanyamaza).
Hakuwa na mkataba, alisema. Alilipwa mkononi, Ijumaa.
Ni Zulmira aliyejua kituo anachoshukia.

Nikapanda treni kwenda Rio Tinto,
bahasha ya Adérito kifuani, yai ndani ya kofia.
Dukani kwa Wanepali wakanitazama sana
kabla ya kunielekeza: ghorofa ya tatu,
watu sita, vyumba viwili.
Alifungua mlango upana wa kiganja.
Nikamwonyesha kopo, maana uso wangu
ungeweza kuwa wa polisi.

"Unaitwa nani?"
Akalitamka taratibu, herufi baada ya herufi,
kama anayehesabia mtu chenji:
Phulmaya Tamang.
Nikaliandika chini ya Zulmira.
Penseli ilikuwa butu; nikakandamiza.

Yai alilitia sufuriani palepale,
akalikata vipande kwa ajili ya mtoto wa jirani.
Kisha akaigeuza ile karatasi,
akapitisha kidole juu ya menyu, ngozi imebabuka kwa sabuni,
akasimama kwenye utumbo kwa maharage meupe.

"Hiki nakijua," akasema.
"Huacha mafuta mekundu ukingoni mwa sahani,
hayatoki ila kwa maji ya moto sana."

Akaniangalia.
"Kina ladha gani?"